Pengo Katika Wasifu Wangu

Mafunzo ya uuguzi Ujerumani hayauzwi. Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaoniandikia kutoka nyumbani, wa Tanga, Moshi, Mwanza, hata wa Mombasa ng'ambo ya mpaka, karibu wote huanza na bei. "Dada, shikamoo. Ni shilingi ngapi?" Wameshaambiwa na mtu kwamba nafasi ipo, ni milioni kumi au kumi na tano, nusu sasa na nusu viza ikitoka. Wanachotaka kwangu ni niwaambie kama bei hiyo ni ya haki.

Mimi huwajibu kwamba mwanafunzi wa uuguzi huku halipi ada. Yeye ndiye anayelipwa. Sheria ya taaluma ya uuguzi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 iliunganisha mafunzo yaliyokuwa yakitolewa kila moja peke yake, ya kuuguza wagonjwa hospitalini, ya watoto na ya wazee, yakawa fani moja ya miaka mitatu, na ikafuta ada ya shule. Mwanafunzi husaini mkataba na hospitali au nyumba ya wazee. Husoma darasani saa 2,100 na kufanya kazi kwa vitendo saa 2,500, na kila mwisho wa mwezi anapata malipo. Kwenye taasisi zinazofuata mkataba wa kazi wa sekta ya umma, malipo ya mwaka wa kwanza yanazidi euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Wajerumani wanayaita mafunzo ya namna hii Ausbildung, na ndivyo wanavyosomeshwa hata mafundi umeme na waokaji mikate wao.

Gharama zipo, sitaki kumdanganya mtu. Kuna kozi ya lugha na mitihani yake, kuna kutafsiri vyeti, pasipoti ya shilingi 150,000, viza ya euro 75, na nauli ya ndege. Kwa familia ya kawaida ya Muheza hizo ni fedha nyingi, na mama yangu alikopa kwenye kikoba chake zaidi ya mara moja. Lakini kila shilingi katika hizo ina risiti, na inakwenda mahali panapojulikana.

Mtu wa milioni kumi alikuja kwetu pia. Alikuja mchana, amevaa vizuri, ameshika faili, akakaribishwa chai. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, nami nilikuwa nyumbani bila kazi, na shamba la michungwa lilikuwa palepale nyuma ya nyumba, linaonekana dirishani. Nadhani alilitazama. Ndani ya faili alikuwa na barua za maombi zilizokwisha kuandikwa kwa Kijerumani, zimeachwa wazi sehemu ya jina. Alinipitishia na mfano wa wasifu. Alipofika kwenye ule muda baada ya kidato cha nne, ambao mimi sikuwa na shule wala ajira, akasema: "Hapa hatuachi pengo. Tutaandika ulikuwa unasaidia kwenye kliniki. Cheti nitakitafuta mimi."

Mama mdogo, ambaye ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu ya usiku na alikaa kimya muda wote. Akauliza: "Huo mkataba wa mafunzo, anayesaini ni nani na nani?" Yule mtu akaeleza mambo mengi, ya ofisi yake, ya watu aliokwisha kuwasafirisha. Mama mdogo akarudia swali kama lilivyo. Halikupata jibu. Mgeni alipoondoka, mama mdogo akanigeukia, naye hakusema chochote kuhusu fedha. Alisema: "Ametaka kumfuta mama yangu kwenye maisha yako."

Mama yake huyo ndiye bibi yangu. Alipata kiharusi upande wa kulia. Hospitali ilifanya iliyoweza kufanya, kisha akarudishwa nyumbani hawezi kusimama, na maneno yamempotea nusu. Mimi nilikuwa mjukuu niliyekuwapo. Sikuchaguliwa kwenye kikao; niliamka tu siku moja nikawa ndiye ninayejua kikombe chake kiko wapi na usiku analala upande gani.

Mama mdogo alinifundisha kazi kwa saa chache alizokuwa nazo kati ya zamu na zamu. Alinionyesha namna ya kumgeuza bila kumburuta, maana ngozi ya mzee inachanika kwa kuburutwa kabla haijachanika kwa kulaliwa. Alinionyesha kukunja khanga na kuiweka chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie, visiguse godoro. Akaninunulia daftari la shule, akalichora mistari: saa, upande aliolazwa, alichokula, alichokunywa, haja ndogo, rangi ya ngozi kwenye nyonga. "Usiponiandikia," alisema, "nikija sina cha kusoma, nitakisia, na mgonjwa hauguzwi kwa kukisia."

Majirani walikuwa na huruma na walikuwa na ushauri. Mmoja alisuka kata nzuri ya nguo, ileile tunayoweka kichwani kubebea ndoo, akaleta tuiweke chini ya makalio ya bibi ili mfupa usiguse kitanda. Kila mtu aliiona ni akili. Mama mdogo akaipokea kwa shukrani, na jirani alipoondoka akaitoa. Kata, alinieleza, inabeba uzito wote kwenye duara lake; damu inazuiwa pande zote, na pale katikati tunapodhani tumepaokoa ndipo panapokosa damu. Dawa ya kidonda cha kulalia ni kumgeuza mtu, na kumgeuza tena. Hakuna nguo inayofanya kazi hiyo badala ya mikono.

Nilijifunza pia kwamba maji matupu yalimpalia bibi lakini uji mzito ulipita, na kwamba lazima akae wima kabla ya kijiko cha kwanza na aendelee kukaa baada ya kijiko cha mwisho. Hilo sikufundishwa na mtu. Nililiona, nikaliandika kwenye daftari, na mama mdogo alipolisoma alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu nizaliwe.

Haya yote mimi sikuyahesabu kuwa kazi. Nyumbani kwetu kumuuguza mzee si kitu cha kuandikwa. Ni kitu kinachofanywa na aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni msichana ambaye mambo yake yanaweza kusubiri. Kwa hiyo nilipoanza kutengeneza wasifu wangu mwenyewe, nami niliacha nafasi tupu kati ya mwezi huu na mwezi ule. Yule mtu wa faili na mimi tulikubaliana katika jambo moja: kwamba hapo hapakuwa na kitu.

Aliyenipinga ni mwalimu wangu wa Kijerumani, Upanga, Dar es Salaam, nilikohamia kwa ndugu ili nisome. Waajiri wa Ujerumani wanausoma wasifu mwezi kwa mwezi, alituambia. Pengo linawasumbua, na watauliza. Akaniuliza mbele ya darasa nilikuwa wapi katika miezi ile. Nikasema nyumbani. Akauliza nilikuwa nafanya nini nyumbani. Nikasema nilikuwa na bibi. Akauliza bibi alikuwa anafanya nini. Nilipomaliza kueleza, kwa Kijerumani changu cha wakati ule kilichokuwa bado kinachechemea, aliniambia nikaandike yote, kila kitu nilichokifanya kwa mikono yangu, nimletee.

Barua hiyo ndiyo iliyonifundisha Kijerumani. Mpaka hapo lugha ilikuwa kununua tiketi ya treni na kuagiza supu. Sasa nilihitaji neno la kisigino, la nyonga, la kupaliwa, la ngozi inayobaki nyekundu hata ukiibonyeza. Nilihitaji kusema kwamba alikataa, kwamba alitabasamu upande mmoja, kwamba nilisubiri. Nilitafuta maneno hayo moja moja usiku, na kila nililolipata lilinirudishia kitu nilichokuwa nimekisahau. Nilipofika mtihani wa lugha wa B2, ambao una sehemu nne na kila sehemu inadai alama 60 kwa 100, sehemu ya kuandika haikunitisha. Nilikuwa tayari nimeandika kitu nilichokuwa na haja ya kukisema.

Ukinunua barua iliyokwisha kuandikwa unanyimwa shule hiyo, na hakuna atakayekurudishia. Utafika na karatasi inayosema unaweza, na siku ya kwanza wodini mgonjwa atakuambia anaumwa wapi, wewe humwelewi. Nimewaona watu wa namna hiyo. Ni watu wazuri na wenye bidii, na wanateseka. Sheria inaweka kipindi cha majaribio cha miezi sita mwanzoni mwa mafunzo, na ndani ya miezi hiyo mkataba unaweza kuvunjwa.

Kuhusu makaratasi nitasema machache, kwa kuwa yanachosha lakini hayana siri. Ujerumani ina majimbo 16, na kila jimbo lina utaratibu wake wa kutathmini vyeti vya shule. Mimi niliomba kwenye hospitali ya jimbo la Nordrhein-Westfalen, kwa hiyo cheti changu cha kidato cha nne kilikwenda Köln, kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia jambo hilo. Jina la baba lilikuwa na herufi h kwenye cheti cha kuzaliwa na halikuwa nayo kwenye cheti cha shule. Kwetu pwani h hiyo huja na kuondoka na hakuna anayejali, ila huku ni watu wawili tofauti. Wakili aliandika hati ya kiapo. Mwenye ndoto hii avipange vyeti vyake mezani leo na kuvisoma herufi kwa herufi kabla hajaandika barua yoyote.

Karatasi iliyonishangaza ni kadi yangu ya kliniki. Tangu tarehe 1 Machi 2020 sheria ya Ujerumani inawataka wanaofanya kazi hospitalini wathibitishe kuwa wana kinga ya surua. Mama alikuwa ameihifadhi kadi yangu ya utotoni ndani ya sanduku, pamoja na hati ya shamba. Kwake zilikuwa na uzito mmoja.

Kuna kanuni moja ambayo ningependa kila kijana wa Tanzania aijue, maana mawakala hawaisemi. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Toleo la mwaka 2023 lina nchi 55, na Tanzania imo. Kwa nchi zilizo kwenye orodha hiyo, kanuni ya ajira ya Ujerumani inasema kwamba kutafuta watu na kuwaunganisha na kazi za afya na uuguzi ni ruhusa kwa Shirika la Ajira la Serikali ya Shirikisho peke yake. Wakala binafsi anayekuja Muheza kukusanya vijana wa uuguzi anafanya jambo ambalo upande wa Ujerumani limekatazwa. Lakini mtu anayetafuta mwenyewe, akaandika mwenyewe, akatuma mwenyewe kwa hospitali aliyoichagua, hakatazwi na yeyote. Njia ile iliyoonekana ngumu na ya maskini ndiyo iliyo wazi.

Orodha ile ina sababu, na sababu hiyo naijua kwa sura. Mama mdogo ameshika zamu za usiku akiwa muuguzi peke yake kwenye wodi iliyojaa, na asubuhi anasimulia nani alihitaji kugeuzwa na hakugeuzwa, kwa sababu mikono ilikuwa miwili. Nilipomwambia nataka kuomba Ujerumani, hakunipinga. Aliniuliza: "Na mimi nikilala, nani atanigeuza?" Nilikaa na swali hilo na bado ninalo. Ninajua kwamba vijana wengi waliosomea uuguzi Tanzania wako mitaani wanasubiri ajira, huku wodi zikiwa na upungufu, na kwamba mambo hayo mawili yanakaa pamoja kwa sababu za bajeti ambazo binti wa kidato cha nne hakuzitengeneza. Sikubali abebeshwe yeye mzigo huo. Lakini sikubali pia kujiambia kwamba kuondoka kwangu hakumgusi mtu. Kunamgusa mwanamke ninayemjua kwa jina, aliyenifundisha kazi.

Barua nyingi hazikujibiwa, na nyingine zilijibiwa kwa heshima na kukataliwa. Kisha hospitali moja iliomba tuongee kwa video. Walikuwa watu wawili, mkuu wa shule ya uuguzi na muuguzi anayesimamia wanafunzi wodini. Walikuwa na barua yangu mbele yao, imepigwa mistari kwa kalamu. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa nini naipenda Ujerumani. Hawakuniuliza kuhusu Ujerumani. Yule muuguzi aliniuliza: bibi yako aligeuzwa kila baada ya muda gani, na mlijuaje kwamba muda huo ulimtosha?

Nikamweleza daftari. Nikamweleza kubonyeza ngozi kwa kidole na kutazama kama wekundu unaondoka. Usipoondoka, muda ulikuwa mrefu mno, tunaupunguza. Nikamweleza kata ya jirani na kwa nini tuliitoa. Walitazamana. Baadaye, darasani, nilikuja kujua kwamba kuzuia vidonda vya kulalia ndiyo mada ya kwanza ambayo wauguzi wa Ujerumani waliiandikia mwongozo wa kitaalamu wa taifa zima, mwaka 2000, na kwamba hata huku duara la kukalia lilipendwa kwa miaka mingi kabla ya wataalamu kuanza kulikataza.

Mkuu wa shule akauliza ningefanya nini mgonjwa akikataa kuogeshwa. Hapo nikamkumbuka bibi kama alivyokuwa hasa. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama bibi wote wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na hata maneno yalipompotea hilo lilibaki. Kuna asubuhi alinishika mkono akasema, "Mke mwenzangu, leo sitaki." Nikamjibu mkuu wa shule kwamba mtu akisema hataki, hataki. Nilimwacha, nikarudi baadaye, nikamuuliza kama tunawe uso na mikono tu. Akakubali uso. Siku hiyo tuliosha uso, na kwenye daftari nikaandika uso, sikuandika kwamba ameoga. Kesho yake alikubali mengine.

Sikujua kama hilo ndilo jibu sahihi. Nililijibu kwa sababu ndilo lililotokea. Mkataba ulikuja kwa barua pepe, nikauchapisha stendi, kwenye duka la fotokopi, na mama mdogo akausoma mstari kwa mstari akiwa bado na sare yake ya kazi. Alipofika kwenye sahihi alisema: "Haya. Sasa wako wawili wanaojulikana."

Viza niliiombea ubalozini Dar es Salaam, kwenye jengo la Umoja House. Mahojiano yalikuwa ya Kijerumani na ya kawaida: utasoma nini, muda gani, utaishi wapi, muuguzi anafanya kazi gani. Baada ya hapo ni kusubiri mpaka ofisi za Ujerumani zikamilishe ukaguzi wao, na kusubiri huko kulikuwa kurefu kuliko kitu chochote nilichowahi kusubiri. Mafunzo huanza kwa misimu, mara nyingi Aprili, au kati ya Agosti na Oktoba, na anayechelewa viza anaweza kuukosa msimu. Kwa hiyo mwombaji aanze mapema sana, mapema kuliko watu wanavyomshauri.

Nyumbani nilizoea kusikia kwamba Wazungu wanawatupa wazee wao. Nimefanya kazi hapa nikaona sivyo. Mwishoni mwa mwaka 2023 watu wenye kuhitaji uangalizi Ujerumani walikuwa milioni 5.7, na katika kila 100, takribani 86 walikuwa wanatunzwa nyumbani, wengi wao na jamaa zao. Nimekwenda na wauguzi wanaozunguka majumbani, nikakutana na mabinti wenye daftari mezani na macho yasiyolala. Niliwajua mara moja. Mmoja aliniomba radhi kwamba hana kazi kwa sasa, yuko nyumbani tu na mama yake. Nilikaa naye nikamuuliza mama yake anageuzwa vipi, na alipokuwa akieleza nikamwambia kwamba hiyo ni kazi, na kwamba inaandikwa.

Sasa ninajiandaa kwa mtihani wa mwisho wa serikali, ambao una sehemu ya kuandika, ya kuzungumza na ya vitendo mbele ya mgonjwa halisi. Mama mdogo hunipigia akitoka zamu, ananitaka nimsomee niliyojifunza, naye ananisahihisha kwa uzoefu wake au ananiambia nimtumie picha ya ukurasa akaubandike kwenye chumba cha wauguzi. Juzi hakuuliza chochote kuhusu mtihani. Alitaka kujua kama nimeshaanza kuuliza Baraza la Uuguzi na Ukunga linadai nyaraka gani kwa mtu aliyesomea nje anapotaka kusajiliwa Tanzania. Nikamwambia bado. "Uliza sasa," akasema, "na angalia ile h."